Kadubwi wa Walungu na Kadubwi wa Mwenga

Kwa miaka thelathini na moja Isidore Kadubwi amekuwa sekretari wa parokia moja ya Kadutu, mjini Bukavu, na kwa muda wote huo hakuna mtoto aliyefikishwa kwenye maji ya ubatizo kabla jina lake halijapita mikononi mwake. Mzazi akiingia ofisini na karatasi ya kituo cha afya, Isidore hashiki kalamu. Anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, anaivaa tena, ndipo anauliza: "Hii jina inatoka wapi?"

Wengi hawajui. Yuko mama aliyetaka kumwita mwanawe Merci-Docteur. Yuko mwingine aliyekuja na Visa, kwa sababu mumewe alipata ya kwenda Kanada siku ile ile ya uchungu. Isidore alimsikiliza huyo wa Visa mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole, "Na siku itakwisha muda, mutoto mutamwita nani?" Mama akatoka pale na mtoto aitwaye Bijou.

Kwao ni kwenye vilima vya mbele ya Walungu. Alisoma miaka miwili katika seminari ndogo, akarudishwa nyumbani kwa sababu ya sauti: yeye akiimba, wengine walishindwa kusali. Lakini alikuwa na mwandiko wa kupendeza, herufi zimenyooka kama mahindi shambani, na mwandiko huo ndio uliomlisha, yeye na mkewe Chantal na watoto watano. Hana deni na mtu, hanywi kupita chupa moja, na hajawahi kupigana. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Alipenda mno jina lake.

Nyuma ya meza yake ilining'inia ramani ya zamani ya Walungu. Kwenye ramani hiyo kulikuwa na uzi mwembamba wa buluu, na kando ya uzi, kwa herufi ndogo kama sisimizi, limeandikwa jina: Kadubwi. Mahali hapo pamechakaa kwa kuguswa na kidole.

"Wengine wanaitwa jina ya mito," alikuwa akiwaambia wageni. "Sisi hapana. Kwetu, mto njo uliitwa jina yetu. Babu yangu mukubwa alifika pale siku ya njaa kubwa, batu yote nyuma yake. Maji ilikuwa imejaa. Akapiga maji na mukuki, maji ikatulia, batu bakapita."

Hadithi hiyo ilikua mwaka hata mwaka. Kwenye Noeli moja mkuki ulikuwa mmoja. Kufikia Pasaka ilikuwa mitatu, na ng'ambo ya mto alikuwa amelala chui. Mwisho wake tu haukubadilika. Isidore alikuwa akiinua kidole na kusema: "Kadubwi yote ku dunia, ukikutana naye, iko damu yangu."

Chantal anauza sambaza kwenye soko la Kadutu, na mtu anayeuza samaki wadogo hana subira na maneno makubwa. "Papa Ghislaine," alikuwa akimwambia, "ile mto yako mimi niliivuka na mimba ya miezi munane. Niliruka tu."

Sasa, Ghislaine. Ndiye mtoto wao wa kwanza, muuguzi, msichana wa maneno machache. Alipendana na fundi wa umeme aitwaye Parfait Wabulasa, Mrega kutoka Mwenga, kijana mtulivu aliyekuja kutengeneza taa za kituo chao cha afya na akaendelea kuja hata taa zilipokuwa zinawaka vizuri. Isidore alimpenda. Alimwuliza jina lake linatoka wapi, Parfait akaeleza vizuri, na ikawa basi. Huko kwetu mtoto halazimiki kubeba jina la baba. Kila mmoja anapewa lake. Ghislaine mwenyewe kwenye vitambulisho ni Nsimire. Kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuuliza baba yake Parfait anaitwa nani.

Siku ya utambulisho, Jumamosi mchana, nyumba ya Isidore ilijaa. Viti vya plastiki vilikodishwa, sucré, soda za huko kwetu, ziliwekwa kwenye beseni la maji baridi, na jikoni Chantal alikuwa akisonga foufou yeye mwenyewe, maana hakumwamini mtu. Msemaji wa familia alikuwa Évariste, mtoto wa baba mkubwa wa Isidore, mzee mwembamba aliyefanya kazi mahakamani maisha yake yote na ambaye, tangu alipostaafu, hakuwa na kesi nyingine isipokuwa za ndugu zake.

Wageni kutoka Mwenga waliingia, wakaketi, wakapewa nafasi ya kujitambulisha. Akasimama mtu mnene mwenye kofia ya ngozi na viganja vipana kama karai. Alikuwa amechimba dhahabu kwenye mito ya kwao tangu ujana, na alizungumza kama mtu aliyezoea kushindana na kelele za maji.

"Bazazi, amani kwenu. Mimi njo papa ya Parfait. Banaitwaka Donatien. Donatien Kadubwi."

Jikoni, mwiko ulimponyoka Chantal. Sebuleni, Évariste aliokota mwiko mwingine.

"Kadubwi ya wapi?" akauliza, akijiweka sawa kwenye kiti.

"Kadubwi ya Mwenga. Kule kwetu kuko mto, nayo inaitwa Kadubwi. Sisi yote pale tuko ba Kadubwi."

Évariste alimgeukia Isidore taratibu, kama jaji anayemgeukia shahidi. "Mudogo yangu, unatuambiaka nini miaka yote hii? Kadubwi yote ku dunia..."

Isidore akaanza kufuta miwani. Lakini majirani walikuwa wamejazana dirishani. Walikuwa wameisikia sentensi ile tangu wakiwa wachanga. Wakaimalizia kwa sauti moja, kama kwaya: "...ukikutana naye, iko damu yangu!"

"Basi," alisema Évariste. "Hawa batoto ni ndugu. Damu haioi damu. Ni mwiko, na harusi haiko."

"Tonton," Parfait alijaribu, "sisi ni Barega. Nyinyi ni Bashi. Tunakuwa ndugu namna gani?"

"Babu yetu alikuwa anatembea sana," Évariste akajibu. "Na mikuki tatu. Nani anajua alilala wapi?"

Chakula kililiwa, maana chakula hakina kosa, lakini kililiwa kama cha msibani. Kabla ya kuondoka, Donatien aliomba muda. Évariste akatoa wiki mbili: kila upande uende ukatafute mwanzo wa jina lake, na yeye atakata shauri.

Wageni walipokwisha kuondoka, Ghislaine alimkuta baba yake amekaa peke yake kati ya viti vya kukodi. Hakulia. Alivipanga viti kimoja juu ya kingine mpaka kikabaki kile alichokalia baba yake.

"Papa," alisema, "ile maneno ulisema wewe mwenyewe. Basi uende uisemue."

"Kusemua iko Kiswahili gani?"

"Ni ya kwako, Papa. Simama, nibebe kiti."

Mtu mmoja tu alikuwa amebaki duniani wa kuulizwa: Shangazi Eulalie, dada wa mwisho wa baba yake Isidore, aliyevuka miaka tisini na ambaye bado alikuwa akilima maharagwe yake mwenyewe. Jumatatu Isidore aliomba ruhusa kwa padri, akanunua sukari, chumvi na mche wa sabuni, akaenda mpaka Walungu, na pale akapanda pikipiki ya kuelekea vilimani. Mvua ilikuwa imenyesha. Mara mbili alishuka asukume, na mara moja alishuka bila kupenda.

Walipopita bondeni, magurudumu yalirusha maji kidogo, pikipiki ikaendelea kupanda. Isidore akampiga motari begani. "Simama! Ile tulipita pale, haikuwa mto?"

"Mto gani, papa?"

"Kadubwi!"

Motari akageuka kutazama nyuma. "Aaa, haka kamaji? Kako na jina?"

Shangazi Eulalie alikuwa ameketi nje ya nyumba akichambua maharagwe. Alimpapasa Isidore uso mzima kwa vidole, akanusa sabuni, akaridhika. Alizungumza kwa Mashi, na alipoulizwa habari ya jina, alitupa ganda pembeni na kusema:

"Unataka ile ya ukweli, au ile ya matanga?"

"Zinatofautiana, Shangazi?"

"Ile ya matanga niliitunga mimi, siku tulipomzika baba yako. Alikuja padri mgeni, akauliza habari za ukoo, tukaona haya. Nikatia mkuki. Mkuki ni wangu. Huyo chui ni wako. Nimesikia habari zake mpaka huku."

Isidore akavua miwani. Akaomba ile ya ukweli.

"Babu yako mkubwa alizaliwa akaitwa Akonkwa," alisema Shangazi. "Alikuwa kijana mzuri wa sura, na ubaya wake ni kwamba alijua. Alichumbia ng'ambo ya kijito. Siku ya kupeleka pombe ukweni alivaa nguo mpya, akakataa mtungi usibebwe na mwingine. Aliuweka kichwani yeye mwenyewe, ili wasichana waone shingo yake. Daraja lilikuwa gogo moja. Alipofika katikati akasikia wasichana wanacheka ukingoni. Akageuza shingo aone ni yupi."

Akachukua ganda jingine la maharagwe, akalipasua.

"Dubwi!" alisema.

"Alianguka?"

"Mtungi ulielea. Yeye hakuelea. Nguo mpya nayo ilifunguka, ikaenda zake na maji. Wote wakabaki wanapiga kelele, na mtu wa kwanza kufika na jembe mkononi akawa nani? Mama mkwe wake! Mtu ambaye hakuruhusiwa hata kumtazama usoni. Mama wa watu akajifunika macho kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamvuta na mpini wa jembe. Tangu jioni hiyo hakuna aliyemwita Akonkwa tena. Alikuwa Kadubwi, mpaka kaburini."

"Na mto?"

"Mto gani? Kijito kile nani angehangaika kukipa jina? Watu walikuwa wakisema, naenda kuchota maji pale kwa Kadubwi. Baadaye akaja mzungu mmoja mwenye kofia nyeupe, anaandika mito. Akauliza hiki ni nini. Wakamwambia, huku wanacheka. Yeye hakucheka, aliandika."

Isidore aliinuka, akaketi tena. "Kwa hiyo ni kweli. Mto una jina letu."

"Kweli kabisa, mwanangu. Kwenye jina hatukudanganya. Tulidanganya kwenye mkuki."

Hapo ndipo alipokumbuka kilichomleta. Akauliza kama babu huyo aliwahi kutembea mpaka Mwenga, kama huenda aliacha mtoto huko. Shangazi Eulalie alicheka mpaka maharagwe yakamwagika.

"Mwenga? Yule? Tangu siku ile aliogopa maji. Mvua ikinyesha alipanda kitandani na miguu yote. Hata mfereji wa shamba la viazi aliuzunguka kwa juu. Kutoka hapa mpaka Mwenga kuna mito mingapi? Alizaa watoto saba, wote ndani ya ua huu huu, na mama mkwe wake akawapokea mmoja mmoja."

Isidore alirudi Bukavu jioni, matope mpaka kwenye miwani. Moyo wake ulikuwa umegawanyika. Furaha ya binti yake ilikuwa mfukoni mwake, tayari. Lakini ili aitoe, ilimpasa kusimama mbele ya wakwe, mbele ya Évariste, mbele ya dirisha lile lililojaa majirani, na kumvua nguo babu yake mkubwa. Alimweleza Chantal peke yake kwanza, chumbani, kwa sauti ya chini. Chantal alisikiliza vizuri mpaka kwenye mpini wa jembe. Hapo alitoa ukelele, akaanguka kitandani, akapiga godoro kwa ngumi, mpaka mama jirani akaja mbio kuuliza nani amekufa.

"Mutu ya zamani," Chantal akamjibu akijifuta machozi. "Lakini leo njo tunamulilia."

Jumamosi ya pili ilifika. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, maana habari ya mwiko ilikuwa imeshashuka kutoka Kadutu. Donatien naye alikuwepo, kofia magotini, haongei sana. Évariste alifungua kikao, akampa Isidore neno.

Isidore alisimama. Anapoogopa huwa anakimbilia Kifaransa, na siku hiyo alikimbia kweli kweli. "Chers parents," alianza, "suala la jina Kadubwi linatokana na... un incident hydraulique."

Majirani dirishani walisogea karibu.

"Insida gani?" akauliza Évariste.

"Kulipita kitu mu maji. Babu yetu alikuwa karibu ya maji. Kisha akakuwa... mu maji. Kwa hiyo hawezi kuwa alifika Mwenga. Merci."

Akataka kuketi. Évariste alimzuia kwa kidole. "Mutu anaweza ingia mu maji, akatoka, na akaenda Mwenga. Eleza vizuri. Aliingia namna gani?"

Isidore aliwatazama majirani dirishani. Akamtazama Parfait, aliyekuwa amekaa mikono kati ya magoti kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Mwisho akamtazama Ghislaine, amesimama mlangoni na gauni lake la kijani, na Ghislaine hakuonyesha dalili yoyote ya kumhurumia. Basi akashusha pumzi, akaacha Kifaransa, na akasema yote: nguo mpya, shingo, gogo, wasichana. Alipofika kwenye mama mkwe alitazama dari, akamalizia huko huko darini. Akasema mvua ikinyesha babu alipanda kitandani. Akasema mkuki haukuwepo. Akasema hata chui, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza, hakuwepo.

Kwa muda kidogo hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka. Kisha kiti kikalia chini ya Donatien. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Alijifunika uso na kofia, kofia nayo ikaanza kutetemeka, na mwishowe alicheka kicheko cha mtu wa mtoni, na nyumba nzima ikamfuata.

"Papa Isidore," alisema alipopata pumzi, akasimama. "Ashante. Wiki mbili sijalala vizuri, ju mimi pia nilikuja hapa na uongo. Nilipanga kusema babu yetu alikuwa mukubwa wa wavushaji, anavusha bafalme. Haiko vile. Wacha niseme."

Akasimulia. Zamani, kabla baba yake hajazaliwa, kijiji chao kilijenga kanisa, na mapadri wakawaletea kengele. Kengele kubwa, ya shaba, imebebwa na wanaume wanane kwa siku tatu msituni. Ilibaki mto mmoja tu. Kijiji kizima kilikuwa ng'ambo kinaimba, kinapiga makofi. Wale wanane, kwa furaha, nao wakataka kupiga makofi.

"Dubwi!" walisema watu wote sebuleni kabla hajafika hapo.

"Njo vile. Na iko pale mpaka leo. Mimi mwenyewe nilipiga mbizi mara ngapi, nilipata muchanga tu. Kanisa yetu banagongaka jante, ile chuma ya gurudumu ya lori. Mto ukaitwa Kadubwi. Na wiki ile ile, muke ya katekista akazaa mutoto mwanaume. Ule njo babu yangu. Bakamupatia jina ya mto."

Évariste hakucheka. Kesi ilikuwa bado mezani. Aliomba ramani, na Isidore, aliyekuwa ameibeba kutoka ofisini, akaitandaza juu ya meza kati ya vikombe. Évariste alifuata kwa kidole kijito cha Walungu: kinashuka upande wa mto Ruzizi. Mto wa Mwenga hakuukuta, maana ramani iliishia kabla, lakini Donatien alionyesha kwa mkono juu ya kitambaa cha meza jinsi unavyoenda kinyume, kuelekea misituni, mpaka mkono wake ukagonga sahani ya samaki.

"Basi," alisema Évariste. "Huku, mutu alipatia mto jina. Kule, mto ulipatia mutu jina. Maji haikutani, damu haikutani. Kinachokutana ni kuanguka tu, na kuanguka haikatazi harusi." Akafikiri kidogo. "Kama ingekatazaka, hakuna mutu angeoa."

Vigelegele vilianzia jikoni. Parfait alisimama, akaketi, akasimama tena. Ghislaine alivuka sebule yote mbele ya wazee, jambo ambalo siku nyingine asingelifanya, akamwekea baba yake mkono begani na kuuacha pale.

Harusi ilifanyika mwezi wa nane, kwenye ukumbi wa juu unaotazama ziwa. Waliokuja kutoka Mwenga walijaza nusu ya viti, na waliotoka Walungu nusu ya pili. Shangazi Eulalie alibebwa na binamu wawili mpaka meza ya mbele, akala samaki mzima. Donatien alishika maikrofoni akasimulia kengele, kisha akaipitisha kwa Isidore, na ukumbi ukaanza kumpigia makofi ainuke.

Aliinuka. Alisimulia kwa Kiswahili tangu mwanzo, bila kukimbilia popote. Alijua sasa pa kusimama. Alipofika katikati ya gogo aligeuza shingo, akawatazama wasichana wa meza ya kushoto, akangoja. Akangoja tena kidogo. Watu mia mbili walivuta pumzi.

Alipoketi, Chantal alimnyooshea tai.

"Nilisema muzuri?" akamwuliza.

"Ulisema kweli," alisema Chantal, akimsogezea sahani. "Kula sasa, foufou inapoa."